Anza na sukari unayoinywa

Ukitaka kujua nyumba yako inatumia sukari kiasi gani, usihangaike kuhesabu vijiko. Angalia kilo mnazonunua dukani kwa Mangi kwa mwezi mzima. Familia ya watu 5 inayomaliza kilo 5 kwa mwezi inampa kila mtu gramu 33 hivi kwa siku: gramu 5,000 ugawe kwa watu 5, halafu kwa siku 30. Hapo hujagusa soda, biskuti za watoto, wala maandazi ya kununua.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima. Kwa mtu mzima wa kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Na ukishuka chini ya gramu 25, unazidi kufaidika. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba gramu 4, lakini nani anasawazisha? Kikiwa na kilima hufika gramu 7 au 8, kwa hiyo anayesema "mimi naweka viwili tu" huenda ameshaweka vinne. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima na ya asili ya maziwa haimo kwenye hesabu hii. Embe kula.

Wengi wakiamua kupunguza sukari huanza na keki, ambayo wanaila kwa mwezi mara moja, wakaacha vikombe vya kila siku. Hapo ndipo juhudi zinapopotea. Soda ya mililita 350 ina gramu kati ya 35 na 40 za sukari, sawa na vijiko 9 au 10 vilivyosawazishwa, na haimpunguzii mtu njaa: anaimaliza na sahani ya wali maharage inabaki ileile. Sukari ya majimaji hupita tumboni haraka, sukari ya damu inapanda kwa kasi, na kongosho linalazimika kumwaga insulini nyingi, homoni ya kushusha sukari ya damu, kwa mkupuo. Karibu nusu ya sukari hiyo ni fruktozi, aina mojawapo ya sukari, ambayo sehemu kubwa hushughulikiwa na ini, na ikizidi ini hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Ndiyo moja ya sababu mtu asiyegusa pombe anaweza kukutwa na mafuta kwenye ini.

Juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako pale Kariakoo, na ndimu na tangawizi ndani, haina unafuu: glasi moja inakaribiana na soda. Asali nayo, kwa uzito, takribani asilimia 80 ni sukari. Kuhama kutoka sukari kwenda asali huku unamimina kiasi kilekile hakubadilishi kitu.

Sasa chai. Kosa kubwa ni kuitia sukari kwenye sufuria, kwa sababu hapo mtu mmoja anaamua kwa niaba ya nyumba nzima. Ichemshe bila sukari, weka kopo mezani na kijiko kidogo, kila mtu ajitilie. Halafu angalia majani. Majani mengi yakichemka muda mrefu hutoa ukali unaokausha ulimi, na ukali huo ndio unaodai kijiko cha tatu. Kwa lita 1 ya maji, kijiko kimoja cha chai cha majani kinatosha. Chemsha kwanza tangawizi iliyopondwa, iliki mbili tatu na kipande cha mdalasini kwa dakika 5, ndipo utie majani, na uepue baada ya dakika 2 au 3. Mchaichai peke yake, bila majani, ndiyo rahisi zaidi kuizoea bila sukari. Usikate yote siku moja. Punguza nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili hadi ulimi uzoee, kisha punguza tena. Wanaoacha ghafla mara nyingi hurudi na kujaza zaidi, na mimi siwashauri njia hiyo.

Ukwaju ni mtihani wake, maana uchachu wake unakula sukari. Jagi la lita 2 lililotiwa gramu 200 linatoa glasi 8 zenye gramu 25 kila moja, yaani glasi moja inamaliza kiwango kizuri cha siku nzima. Tia rojo la embe bivu au ndizi mbivu moja, ongeza maji, anza na gramu 60, onja, usikimbilie kopo. Glasi moja kwa siku yatosha, pamoja na chakula.

Kwenye maandazi ya nyumbani, kilo 1 ya unga mara nyingi hutiwa gramu 150 za sukari. Gramu 80 zinatosha ukikandia tui zito la nazi na iliki ya kusaga. Hamira itaumua tu. Sukari ikizidi sana ndiyo huichelewesha. Rangi ya maandazi itakuwa hafifu kidogo, kwa kuwa sukari ndiyo inayoharakisha wekundu. Usiyaache kwenye mafuta ukisubiri yawe mekundu, yatakauka.

Kwa meno, idadi ya mara inaumiza kuliko ukubwa wa kikombe. Bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, na kila fundo huanzisha shambulio la nusu saa hivi. Bodaboda anayenyonya kinywaji cha kuongeza nguvu kidogokidogo toka asubuhi, au mtoto anayeramba ubuyu wa rangi mchana kutwa, meno yake hayapati mapumziko. Mtoto wa chini ya miaka 2 usimzoeze soda wala juisi ya sukari, na wa chini ya mwaka 1 usimpe asali kabisa.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari ya damu) asikate sukari na wanga bila kuongea na daktari wake, kwani dozi ilipangwa kwa chakula alichokuwa akila. Akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akachanganyikiwa, mpime sukari ya damu. Kipimo kikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au kama hakuna mashine karibu, koroga vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa vya sukari kwenye nusu glasi ya maji anywe. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Akishaamka vizuri, mpe chakula. Akiwa amezimia usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na mkimbizeni hospitali.