Maswali na Majibu: Kiegemeo cha Miguu ya Abiria Katika Gari la Spoti Lililoundwa Nyumbani

SWALI: Fundi, shikamoo. Ninaishi Uingereza, na kwa miaka 2 sasa ninaunda katika gereji ya nyumbani gari dogo la spoti la viti viwili, la umbo la Lotus Seven. Chesisi imekwisha kupakwa rangi, na sakafu ni bati la chuma la milimita 1.2. Mke wangu ana urefu wa sentimita 157, na akikaa kwenye kiti cha abiria visigino vyake hubaki milimita 280 hivi kutoka ukuta wa mbele. Nilipolijaribu gari kwenye kiwanja cha binafsi na kufunga breki, aliteleza mbele. Kijana wetu, mwenye sentimita 178, naye atakuwa akipanda. Nitengeneze kiegemeo cha miguu cha namna gani, kwa bati gani, na nikifunge vipi bila kuchomelea?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kufika hapo. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoboa sakafu, kwa sababu wengi hukichukulia kiegemeo cha abiria kuwa pambo la kumalizia kazi, ilhali ni sehemu ya usalama inayofanya kazi pamoja na kiti na mkanda. Dereva ana pedali za kukanyaga na usukani wa kushika. Abiria hana chochote cha kujizuilia isipokuwa kile utakachomwekea.

Umbo la gari lako ndilo linaloleta tatizo. Tangu Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alipoitoa Lotus Seven mwaka 1957, magari ya aina hiyo, yakiwamo yale ambayo kampuni ya Caterham ya Uingereza imeyaendeleza tangu mwaka 1973, yamekuwa na kiti kilicholazwa karibu kabisa na sakafu, hivyo miguu ya aliyekaa hunyooka mbele badala ya kuning'inia kama kwenye gari la kawaida. Visigino hugusa bati tupu, na bati tupu halishiki kiatu, hasa likiwa na maji ya mvua, jambo ambalo katika gari lisilo na paa nchini Uingereza utalikuta mara nyingi. Unapofunga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, mwili wa mtu wa kilo 60 husukumwa mbele kwa nguvu inayoweza kukaribia Nyutoni 590, sawa na uzito wake mwenyewe. Mkanda huchukua sehemu ya nguvu hiyo na msuguano wa kiti huchukua sehemu nyingine, lakini miguu isipokuwa na pa kukanyaga, nyonga huteleza, mkanda wa kiunoni hupanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga hadi tumboni, na tumbo halina mfupa wa kuuhimili.

Kwa hiyo anza kwa kumpima mtu, gari lifuate. Mkalishe mkeo kitini akiwa amevaa viatu atakavyosafiria, mgongo umegusa kiti mpaka chini, mkanda umefungwa na kukazwa kama atakavyoufunga barabarani. Chukua kipande cha plaiwudi, kiegemeze mbele ya nyayo zake, kisha ukisogeze polepole mpaka aseme kwamba anaweza kusukuma bila kunyanyuka. Hapo tazama magoti na mapaja. Magoti yabaki yamekunjika kidogo, kwa maana mguu ulionyooka kabisa na kufunga goti hupeleka pigo lote moja kwa moja kwenye nyonga. Mapaja nayo yaendelee kugusa kiti, kwa sababu kiegemeo kilicho karibu mno huinua magoti, hulaza nyonga nyuma, na kuuleta mkanda tumboni, yaani kosa lilelile tunalolikimbia. Mwache akae hivyo kwa dakika 20 nzima. Kinachomfaa mtu kwa dakika 2 mara nyingi humchosha kifundo cha mguu baada ya safari fupi tu.

Kuhusu pembe, kwa kiti cha chini kama chako mimi huanza na nyuzi 50 kutoka sakafuni, kisha husahihisha kwa plaiwudi. Unyayo na muundi vinapaswa kukutana kwa pembe ya mraba au kuzidi kidogo. Vidole vikivutwa kuelekea goti, msuli wa nyuma ya mguu utalalamika.

Sasa aina ya kiegemeo. Wengi huweka bomba moja lililolazwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa kuwa ni jepesi na lina sura ya gari la mashindano. Ninakuomba usifanye hivyo. Nililiweka mimi mwenyewe katika gari la kwanza nililolijenga, likiwa sentimita 12 juu ya sakafu, na siku niliyofunga breki ghafla, kiatu cha abiria wangu kiliteleza na kupita chini ya bomba. Mwili ulikuwa bado unakwenda mbele huku kisigino kimenaswa, na bomba limekaa juu kidogo ya kifundo. Tulikuwa tunakwenda polepole, akapona kwa mchubuko na uvimbe wa wiki mbili, lakini nililing'oa jioni ileile. Tangu hapo kanuni yangu haibadiliki: kiegemeo kiwe bati zima, na kati ya ukingo wake wa chini na sakafu pasiwe na mwanya unaoweza kuingiza ncha ya kiatu.

Chukua bati la alumini la milimita 3, upana milimita 300 au kadiri sakafu yako inavyoruhusu, na urefu milimita 335. Milimita 60 za chini zikunje kuelekea kwenye kiti ili zilale juu ya sakafu na kisigino kikae juu yake. Hivyo uzito wa mguu wenyewe unalikandamiza bati chini badala ya kulinyanyua. Milimita 250 zinazofuata ndizo uso wa kukanyagia, na milimita 25 za juu zikunje kuelekea mbele ya gari, ili ukingo mkali usimtazame abiria na bati lipate ugumu. Bati hilo halifiki kilo 1. La chuma cha milimita 2 lingekuwa na uzito karibu mara mbili ya hapo, ingawa kama una chuma tu na huna alumini, chuma kinafaa kabisa.

Ukienda dukani, uliza alumini ya namba 5251 au 5754 iliyo ngumu kiasi. Usishawishike kuchukua 6082 ya T6, yaani iliyoimarishwa kwa joto, kwa kuwa inasifiwa kwa nguvu. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini ukiikunja kwa kona kali hupasuka kwenye mgongo wa mkunjo, na wakati mwingine ufa huo ni mwembamba kiasi kwamba hutauona mpaka rangi ianze kubanduka. Hata kwa 5251, usikunje juu ya ukingo mkali wa jiliwa. Weka kipande cha chuma kilichoviringwa kwa tupa ili sehemu ya ndani ya mkunjo ipate duara la milimita 4 au 5, na mstari wa mkunjo ukatize ile mistari midogo ya kiwandani inayoonekana usoni mwa bati. Karakana yenye mashine ya kukunjia itakufanyia kazi hii kwa dakika chache, na kwa bati pana hivi mimi ningepeleka huko.

Pembeni mwa bati funga pembetatu mbili za alumini hiyohiyo kwa ribiti madhubuti au bolti, ziwe ndizo miguu ya kiegemeo. Sakafuni weka reli mbili za alumini ya pembe, za milimita 30 kwa 30 na unene wa milimita 3, moja kila upande. Kwenye ukuta wima wa kila reli toboa matundu ya nati za ribiti (nati zinazobanwa ndani ya tundu kama ribiti) za M6, yaani za bolti ya milimita 6, katika nafasi tatu zilizoachana milimita 50, na kila pembetatu ishikwe kwa bolti 2. Nimechagua hatua hizo kwa sababu ya kijana wako: tofauti ya kimo cha sentimita 21 huleta tofauti ya urefu wa mguu ya sentimita 10 hivi, na nafasi hizo tatu zinaimaliza. Nafasi nayo inatosha. Uso wa milimita 250 ukiinama kwa nyuzi 50 huchukua takriban milimita 160 kuelekea mbele na kufika kimo cha milimita 190; akikaa mama, kilele kitabaki milimita 120 kutoka ukutani, na akikaa kijana zitabaki 20.

Kwa kuwa chesisi imekwisha kupakwa rangi, sahau kuchomelea, na mabomba makuu ya chesisi usiyatoboe. Tumia sakafu. Bati la milimita 1.2 halina nguvu ya kushika bolti peke yake, kwa hiyo kila bolti ya M6, tatu kwa kila reli, iwe na kipande cha chuma cha milimita 40 kwa 40, unene milimita 3, chini ya sakafu. Kichwa cha bolti kiwe bapa na kikae chini, nati yenye nailoni iwe juu, maana gari liko karibu na barabara na ncha ya bolti inayoning'inia itakwaruzwa. Kabla ya kushika keekee, lala chini ya gari uone kwa macho yako mabomba ya breki, ya mafuta na nyaya zinapita wapi.

Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi huliwa, na alumini ndiyo hutangulia. Aliyewahi kuishi karibu na bahari Mombasa au Tanga ameona mageti yanavyokwisha. Huko uliko, chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hufanya kazi hiyohiyo. Paka rangi ya msingi ndani ya kila tundu, tandaza silikoni kati ya reli na sakafu, ndipo ukaze.

Uso wa kukanyagia ubandike ukanda wa msasa ule unaowekwa kwenye ngazi za nje. Mpira laini unapendeza lakini ukilowa huteleza. Kingo zote zipige tupa mpaka uweze kupitisha kidole bila kusita, kwa sababu gari lako litapita ukaguzi wa kuidhinisha gari mojamoja (IVA), ule ulioanza kutumika Uingereza mwaka 2009, na vitu vya ndani vyenye ncha kali ni miongoni mwa vinavyotazamwa. Nyuma ya kiegemeo usifanye stoo ya spana. Nafasi hiyo ibaki tupu.

Ukimaliza, simama juu yake kwa miguu yote miwili na ujitikise mara kadhaa. Bati likilia au pembetatu ikicheza, ongeza ribiti kabla ya mtu mwingine kupanda. Kisha chora mstari wa rangi kutoka kila nati hadi kwenye reli, nenda kiwanjani, funga breki kwa nguvu ndogo ukiongeza kidogo kidogo, na urudi kuitazama mistari hiyo; uliokatika unaonyesha nati imelegea. Itazame tena baada ya kilomita 100 za kwanza, na kila unapokihamisha kiegemeo kutoka nafasi ya mama kwenda ya kijana.