Volti isiyo na mwenyewe: kwa mnaoanza kupima chipu ya 4051

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi alinijia na bredibodi, ubao wa kujaribia saketi, mkononi. "Fundi, hii nayo imeungua." Ilikuwa 4051, ile multiplekisa ya analogi yenye chaneli nane, yaani swichi inayochagua chaneli moja kati ya nane na kuiunganisha na mguu mmoja wa kutolea. Ameingiza volti 3 kwenye chaneli 0, ameichagua hiyohiyo chaneli 0, lakini kwenye mguu wa 3, ambako volti hutokea, mita inasoma 1.4. Chipu mbili alikuwa ameshazitupa.

Nikamwambia asogeze kidole karibu na ule waya bila kuugusa. Namba zikaanza kucheza: 1.4, 1.1, 1.7. Kidole kikiweza kubadilisha kipimo, jua kwamba hapo hakuna kinachoushika ule waya. Unaelea. Mita nyingi za dijitali zina ukinzani wa megaomu 10, kwa hiyo hata mkondo mdogo mno unaovuja ndani ya chipu unatosha kuandika namba kwenye kioo, nawe ukaiamini. Nanoampea 10 tu zikipita kwenye mita hiyo utasoma volti 0.1.

Ndiyo maana nawaomba, kabla ya kulaumu chipu, wekeni rezista ya kiloomu 10 kutoka mguu wa 3 kwenda graundi, kisha mpime tena. Yake ilishuka hadi sifuri. Maana yake ni kwamba swichi ya ndani haikuwa imeunganisha chaneli yoyote, na ile 1.4 haikuwa na mwenyewe.

Kosa lilikuwa mguu wa 6. Huo ukiwa juu, chaneli zote nane zinakatika. Ili chipu ifanye kazi lazima uende graundi. Yeye aliuacha wazi akidhani asichokitumia hakihitaji waya. Kwenye chipu za aina ya CMOS, kama hii, mguu wa kuingizia ukiachwa wazi haumaanishi sifuri, unaokota chochote kilicho hewani. Mguu wa 7, ule wa umeme hasi, nao usiachwe wazi: kama mawimbi yako, yaani volti unazopitisha kwenye chaneli, hayashuki chini ya sifuri, uunge graundi pamoja na wa 8. Nimeona wengi wakiusahau huo kuliko mwingine wowote, na vipimo vyake huchanganya sana kwa sababu mara vinakubali, mara vinakataa.

Tulipounga mguu wa 6 na graundi, mita ikasoma 2.86. Akanitazama: mbona si 3? Hapo ndipo napenda mwanafunzi atulie na kupiga hesabu. Swichi iliyo ndani ya 4051 si kipande cha waya. Ikiendeshwa kwa volti 5 ina ukinzani wa kama omu 470, ukiipandisha hadi volti 15 unashuka kwenye kama omu 125, na chipu moja hutofautiana na nyingine. Kwa hiyo 3 mara 10,000 gawa kwa 10,470 ni 2.87. Chipu ilikuwa inasema kweli. Angeweka rezista ya kiloomu 1 angepata kama 2.04 na kuitupa ya tatu. Ukitaka volti kamili, usiibebeshe mzigo; upitishe mguu wa 3 kwanza kwenye opampu, chipu ya kukuza volti ambayo karibu haivuti mkondo.

Pima umeme unaoiendesha chipu kwenye miguu yake yenyewe, 16 (chanya) na 8 (graundi), si kwenye reli ya bredibodi. Ukikuta 4.4 mahali ulipotarajia 5, chomoa mawimbi yote halafu upime tena. Waya wa mguu wa 16 ukiwa umelegea, mawimbi yanayoingia hupitia daiodi za ndani na kuilisha chipu kwa mlango wa nyuma. Inaonekana hai, na vipimo vyote ni vya uongo.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa miguu. Haufuatani: chaneli 0, 1 na 2 ziko 13, 14 na 15, lakini ya 3 iko 12. Ya 4 iko mguu wa 1, ya 5 mguu wa 5, ya 6 mguu wa 2, ya 7 mguu wa 4. Uchore kwenye karatasi, uibandike juu ya meza.

Zile mbili tulizitoa kwenye ndoo ya taka. Moja ilisoma 3.00 bila mzigo, na ndiyo anayoitumia sasa. Ya pili mguu wa 12 ulikatika tulipokuwa tunaunyoosha kwa koleo.