Terminali imegoma kufunguka: maswali yenu kuhusu kompyuta za zamani

Wiki hii barua nyingi zina ugonjwa unaofanana: unabofya ikoni ya terminali, kishale kinazunguka kidogo, halafu kimya. Wengine tayari mmeambiwa na fundi wa mtaani kwamba dawa ni kufuta kila kitu na kupiga mfumo upya. Katika maswali niliyoyachagua hapa, hakuna hata moja lililofikia huko.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Terminali ni dirisha tu, linapokea unachochapa na kuonyesha herufi. Anayekusikiliza na kutekeleza amri ni sheli (si ile ya kujazia mafuta), yaani programu kama bash, zsh au, upande wa Windows, cmd. Dirisha lisipotokea kabisa, lishuku dirisha lenyewe. Likitokea na kujifunga papo hapo, ishuku sheli.

Fundi, shikamoo. Nina laptopu ya mtumba yenye Ubuntu 20.04 (Linux). Somo la Python (lugha ya kuandikia programu) ninalofuata lilitaka toleo la 3.10, nikaliweka na kulifanya ndiyo python3 ya mashine nzima. Tangu siku hiyo terminali haifunguki. Kila ushauri ninaoupata unaanza na "fungua terminali". — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Hili ndilo swali ninaloletewa kuliko yote, na aliyelifanya huwa hajui kosa lake liko wapi, kwa sababu hakuigusa terminali hata kidogo.

Siri ni hii: kwenye Ubuntu, faili la /usr/bin/gnome-terminal unaloliita kwa kubofya ile ikoni limeandikwa kwa Python. Mstari wake wa kwanza unaita /usr/bin/python3, kisha linaomba moduli, yaani kipande cha ziada cha programu, iitwayo gi. Moduli hiyo kwenye 20.04 imetengenezwa kwa ajili ya Python 3.8, ambayo ndiyo iliyokuja na mfumo. Wewe umemweka 3.10 kwenye kiti cha 3.8, moduli haimtambui, programu inakufa kabla dirisha halijachorwa. Na kwa kuwa umeifungua kwa kubofya, ujumbe wa kosa hauna pa kuonekana.

Njia ya kuingia ipo. Bonyeza Ctrl+Alt+F3 kwa pamoja. Kwenye laptopu nyingi utahitaji kushikilia na Fn. Utapata skrini nyeusi inayoomba jina la mtumiaji na nywila. Nywila haitaonekana ukiichapa, hata nyota hazitatokea, wewe chapa tu kisha Enter. Hapo uko ndani ya sheli bila kupitia dirisha lolote. Tazama python3 inaelekea wapi:

`ls -l /usr/bin/python3`

Ukiona inaelekea python3.10, irudishe nyumbani:

`sudo ln -sf /usr/bin/python3.8 /usr/bin/python3`

Ukiona inaelekea /etc/alternatives, ina maana ulitumia update-alternatives, chombo cha kuchagua toleo la programu litakalotumika. Anza na `sudo update-alternatives --remove-all python3`, ndipo uandike ile ya ln. Kisha Ctrl+Alt+F2 ikurudishe kwenye madirisha yako. Jaribu ikoni.

Kama umekuwa ukiona apt (inayoweka na kuondoa programu) inalalamika kwamba haioni apt_pkg, huo ni ugonjwa huohuo na utakuwa umepona nao. Na 3.10 yako haijafutika. Iite kwa jina lake kamili, `python3.10`, na kazi za somo zifanyie ndani ya mazingira yake ya pekee, yale ya venv. Hiyo python3 ya mfumo ina watu wengine wanaoitegemea, muache akae.

Habari fundi. Nina kompyuta nne za saiba, zote Ubuntu. Moja ina diski ya GB 40, nikaamua kufuta lugha nisizozitumia ili nipate nafasi. Sasa terminali ya mashine hiyo inazunguka tu. xterm inafunguka vizuri. — Mombasa

Umeshajijibu nusu kwa kujaribu xterm, terminali nyingine. Ndani ya hiyo xterm andika `gnome-terminal` na usome inachosema. Naweka dau utaona "Non UTF-8 locale (ANSI_X3.4-1968) is not supported!"

Hilo jina refu ni ASCII ya kawaida, ile ya herufi 128. Ulipofuta lugha ulifuta na mpangilio uliokuwa ukitumika, mfumo ukaangukia kwenye mpangilio wa mwisho kabisa, na gnome-terminal haikubali kufanya kazi bila UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote. Kinachochekesha ni kwamba Kiswahili hakina herufi yenye kofia wala mkia, hata ng'ombe anaenea humo ndani ya 128. Lakini haikuulizi unaandika lugha gani.

`sudo locale-gen en_US.UTF-8`
`sudo update-locale LANG=en_US.UTF-8`

Washa mashine upya. Nafasi ya diski itafute kwingine. Nimelijibu hilo huko chini.

Nilimwona kijana ofisini anatumia kitty, nikaipenda. Kwenye ThinkPad X200 yangu haifunguki, lakini terminali ya kawaida inafanya kazi. Kasoro iko wapi? — Dodoma

Kasoro haipo, mashine yako ni ya 2008 tu. Kitty, ambayo nayo ni terminali, huchora herufi kwa kutumia kadi ya grafiki, na inataka OpenGL (njia ya programu kuiamuru kadi hiyo) toleo la 3.1 au zaidi. Grafiki ya Intel iliyomo ndani ya X200 inaishia 2.1. Unaweza kuhakikisha kwa `glxinfo -B`, iliyomo kwenye kifurushi cha mesa-utils.

Ipo hila ya kumlazimisha prosesa achore mwenyewe:

`LIBGL_ALWAYS_SOFTWARE=1 kitty`

Itafunguka. Pia feni italia na betri itashuka, yote hayo kwa ajili ya kuonyesha maandishi. Kwa X200 mimi ningeweka xfce4-terminal, au hiyohiyo xterm, ambayo ilianza kuandikwa 1984 na haijawahi kuniuliza nina kadi gani.

Fundi, terminali inatokea kama radi kisha inapotea. Nilikuwa nahariri .bashrc jana usiku. — Hakusema yuko wapi

Unakumbuka ulichoandika jana usiku? Mara nyingi huwa ni neno `exit` lililobaki mahali pasipostahili, au `exec` inayoita programu isiyokuwepo. Sheli inasoma faili hilo kila inapoamka, inafika kwenye mstari huo, inakufa, na dirisha linaifuata.

Hapa Ctrl+Alt+F3 huenda isikusaidie, kwa sababu kwenye Ubuntu hata huko .bashrc husomwa. Tumia folda zako za kawaida: fungua nyumbani kwako, bonyeza Ctrl+H ili mafaili yaliyofichwa yaonekane, na ulipe .bashrc jina jingine, tuseme .bashrc-mbovu. Sasa terminali itafunguka, ikiwa haina rangi wala vifupisho vyako. Nakala safi iko /etc/skel/.bashrc, inakili nyumbani, kisha uhamishie mistari yako ya zamani mmoja mmoja.

Nilikuwa natumia zsh, nikaichoka, nikaiondoa kwa apt. Sasa dirisha la terminali linafunguka lakini linasema limeshindwa kuanzisha /usr/bin/zsh. Ctrl+Alt+F3 nayo inanitoa nje nikishaweka nywila. — Kisumu

Umeondoa zsh, lakini akaunti yako bado imeandikwa kwamba sheli yake ni zsh. Ni kama kumwelekeza mgeni kwenye nyumba iliyobomolewa.

Kwa kuwa dirisha linafunguka, una bahati. Nenda kwenye menyu yake, fungua mapendeleo, chagua profaili yako, sehemu ya Command, na uweke alama kwenye kipengele cha kuendesha amri nyingine badala ya sheli. Andika `/bin/bash`. Funga, fungua tena, utaingia. Kisha:

`sudo usermod -s /bin/bash $USER`

Wengi hukimbilia `chsh` hapa na inawakatalia. Hukataa kwa sababu inakagua kama sheli yako ya sasa imo kwenye /etc/shells, na apt ilipoiondoa zsh iliifuta na humo. Ukimaliza, toa ile alama kwenye mapendeleo.

Asiye na bahati ya dirisha atapitia GRUB, menyu inayotangulia mfumo kuwaka: washa mashine ukishikilia Shift kwa BIOS ya zamani, au ukibonyeza Esc kwa zile za UEFI. Chagua hali ya uokoaji, kisha root, andika `mount -o remount,rw /` ili diski ikubali kuandikwa, halafu amri ya usermod ileile bila sudo, na badala ya $USER weka jina lako.

Shikamoo mwalimu. Yangu ni Windows 10. cmd inamulika mara moja na kufunga. Nimetafuta virusi, hakuna. Kuna mtu ananitaka elfu hamsini apige window upya. — Mwanza

Marahaba. Elfu hamsini yako ibaki mfukoni kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika:

`cmd /d`

Ikifunguka na kubaki wazi, mshukiwa amepatikana. Hiyo /d inaiambia cmd isisome AutoRun, sehemu ya rejista ambapo programu yoyote inaweza kuacha amri ya kuendeshwa kila cmd inapoamka. Anaconda, mkusanyiko wa Python na zana zake, ni mmoja wa wanaoandika humo, na ikiondolewa vibaya amri yake inaweza kubaki inaita faili lisilokuwepo. Ndani ya hiyo iliyofunguka andika:

`reg query "HKCU\Software\Microsoft\Command Processor" /v AutoRun`

Soma kilichomo kabla hujafuta. Ukiona njia ya conda, ni mabaki. Ukiona faili la ajabu ndani ya folda ya Temp, hapo rudia kutafuta virusi, safari hii kwa ukaguzi wa Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, unaofanyika kabla Windows haijawaka. Kufuta ni hivi:

`reg delete "HKCU\Software\Microsoft\Command Processor" /v AutoRun /f`

Kama hakuna kitu, rudia ukiweka HKLM mahali pa HKCU. Hiyo ya pili, kuifuta kunataka cmd iliyofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi.

Windows Terminal mpya inawekwaje kwenye Windows 7? — Tanga

Haiwekwi. Inahitaji Windows 10, na si kila toleo la hiyo 10. Kwenye 7 una cmd na PowerShell, na mfumo wenyewe uliachwa bila marekebisho ya usalama tangu Januari 2020.

Kalaptopu kadogo ka GB 32, Linux. Leo terminali haifunguki na hata picha ya skrini haihifadhiki. — Zanzibar

Diski imejaa. Ctrl+Alt+F3, ingia, andika `df -h` na utazame mstari unaoishia na /. Ukisoma 100%, anza na hizi mbili:

`sudo apt clean`
`sudo journalctl --vacuum-size=100M`

Ya kwanza inafuta mafaili ya vifurushi yaliyopakuliwa na kubaki kwenye diski (programu zenyewe haziguswi), ya pili inapunguza kumbukumbu za matukio ya mfumo. Mashine ya Mombasa nayo ianzie hapa badala ya kufuta lugha. Ikiwa df -h inaonyesha nafasi ipo lakini mambo bado yanagoma, jaribu `df -i`: huenda mafaili madogo madogo yamekuwa mengi mno hadi orodha ya kuyasajili imejaa. Mara ya mwisho nilipokutana na hilo, ilikuwa skripti niliyoiandika mwenyewe, inayoacha faili jipya kila dakika.