Sponji ikioza badilisha sponji, wufa usiitupe

Mkuu, usiende Kariakoo Jumamosi. Hizo laki mbili ulizotenga kwa ajili ya "wufa mpya kali", yaani ile spika kubwa ya besi iliyomo ndani ya boksi, zikae mfukoni, na huyo fundi mwambie umepata safari.

Umeandika kwamba mzee wako amekuachia spika za AR-18, za kampuni ya Acoustic Research ya Marekani, alizorudi nazo kutoka Uingereza. Ukivua kitambaa cha mbele, ule ukingo wa sponji unaoizunguka koni, yaani karatasi inayotetemeka kutoa sauti, unamomonyoka ukiugusa tu. Fundi amezitazama akasema, "Hizi zimekufa, tuweke wufa za gari, wati 800, nyumba itatikisika." Umeuliza pia kuhusu twita ya kushoto, spika ndogo ya sauti za juu, isiyolia, vinia ya mbao iliyobanduka pembeni na amplifaya ya kununua. Hayo yatasubiri. Mimi nimesoma maneno ya fundi nikashindwa kunyamaza, maana niliambiwa yaleyale, karibu neno kwa neno, na fundi mwenye duka limejaa redio hadi darini na wateja wamepanga foleni. Nikamwamini kwa sababu ya ile foleni.

Wufa yako haijafa. Kilichokufa ni sponji peke yake. Ile sponji ni poliyurethani, nayo huoza kwa unyevu na hewa hata kama redio haijawashwa tangu mzee astaafu. Spika nyingi za miaka ya 1970, 1980 na 1990 zenye ukingo wa sponji zimefikia hapo, ziwe za Marekani, Uingereza au Japani, na huku kwetu pwani joto na unyevunyevu huziwahisha. Zenye ukingo wa mpira au wa kitambaa ndizo hudumu zaidi. Koni yako ya karatasi inaweza kuwa nzima kabisa, koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) nzima, sumaku na nguvu zake zote. Kuitupa kwa sababu ya sponji ni sawa na kuuza pikipiki kwa bei ya chuma chakavu kisa pancha.

Sikiliza yaliyonipata. Zangu zilikuwa za Kiingereza, wufa ya inchi 10, boksi limefungwa pande zote bila tundu la kupumulia. Fundi akang'oa wufa zote mbili. Zile za gari zilikuwa na fremu pana kuliko tundu, basi akachukua msumeno wa umeme akalitanua palepale, vumbi la mbao likimwagikia ndani kwenye krosova, saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita. Mbao ya spika ikishakatwa imekatwa. Hata ningezipata wufa za asili siku ya pili yake, zisingekuwa na pa kukaa.

Halafu wufa za gari nyingi zina koili mbili. Zile zilikuwa na mbili za omu 4 kila moja. Fundi akaziunga sambamba, akaniambia ndiyo zitakavyopiga kwa nguvu. Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme: zikipungua, amplifaya inalazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Omu 4 na omu 4 sambamba ni omu 2. Amplifaya yangu nyuma imeandikwa omu 8, maandishi meupe makubwa, na aliyasoma kwa sauti kabla ya kuunga nyaya! Ilipiga, nakubali. Ikapiga huku juu yake huwezi kuweka kiganja kwa joto. Wiki haikuisha, transista za kutoa sauti zikaungua zikashoti, na umeme wa DC, usiobadili mwelekeo kama wa betri, kutoka kwenye pawa saplai ukaenda moja kwa moja kwenye wufa. Koni ikaruka mbele ikaganda hapohapo, haitetemi, hairudi, na sebule ikajaa harufu ya vanishi ya koili inayoungua. Nikachomoa plagi, lakini nilikuwa nimechelewa. Kwa hiyo wufa mpya imekwenda, amplifaya imekwenda, maboksi yamekatwa. Niliporudi dukani kuulizia wufa zangu za zamani, akanijibu bila hata kuinua kichwa: wanunuzi wa vyuma chakavu wameshazichukua, sumaku zile zina uzito mzuri.

Sumaku zina uzito mzuri! Anajua thamani ya sumaku, ila mimi aliniambia spika imekufa. Fundi anayekwambia "hazitengenezeki" kabla hajashika mita ya kupimia umeme si fundi, ni muuza wufa. Wapo mafundi redio waaminifu nchi hii, wanaokaa na kalamu na kukuchorea tatizo, na hao ndio wanaonifanya nizidi kumkasirikia yule.

Tena, hata kabla ya kuungua, besi haikuwepo. Hili ndilo watu hawaelezwi. AR waliianza kampuni yao mwaka 1954 kule Cambridge, Massachusetts, kwa wazo la Edgar Villchur: boksi lifungwe lisivuje, na hewa iliyomo ndani ndiyo iwe springi ya wufa. Kwa hiyo wufa yenyewe hutengenezwa laini mno. Ya AR-3a, kwa mfano, ikiwa nje ya boksi mtetemo wake wa asili uko karibu na hezi 18 (mitetemo 18 kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, besi ni ya chini zaidi), na ikifungwa ndani hewa huupandisha hadi hezi arobaini na kitu. Hapo ndipo besi ya boksi dogo inapotoka. Sasa chukua wufa ngumu ya muziki wa harusini, ambayo ikiwa nje tu inaanzia hezi 45 au 50, uifungie kwenye boksi dogo lilelile. Hewa inaisukuma juu tena, na kinachobaki ni ngurumo ya katikati inayopiga kifuani bila mzizi wowote. Ya gari nayo huwa na koni nzito inayohitaji umeme mwingi ili ifikie sauti ya twita. Unaongeza volyumu kuitafuta besi, twita inakuchoma masikio, amplifaya inachemka. Zile "wati 800" hazikwambii spika inalia vipi. Zinakwambia inavumilia kiasi gani, na mara nyingi hata hilo ni la kwenye kasha tu.

Kwa hiyo sheria yangu ni hii, na kwangu imenigharimu: wufa ya asili haitoki nyumbani kwako. Ikibidi iende kwa fundi, nenda nayo na urudi nayo.

Ipime mwenyewe kwanza. Legeza skrubu za mbele, vuta wufa taratibu, weka alama kwenye waya wa chanya kabla hujauchomoa. Pamba ya kioo iliyomo ndani usiitoe, ni sehemu ya hesabu za boksi, na ukiigusa mikono mitupu utajikuna usiku kucha. Weka mita kwenye ncha mbili za wufa. Ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Mita ikisoma hivyo, koili haijakatika. Kisha chukua betri ya 1.5V, gusisha nyaya mara moja uachie: koni iruke kidogo na irudi. Mwisho, weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka katikati, isukume ndani polepole na sawasawa huku umeinamisha sikio. Ikiteleza kimya, una wufa nzima. Ikikwaruza, huenda koni imelala upande kwa sababu sponji haiishikilii tena, na hiyo nayo mara nyingi hupona.

Sponji mpya huuzwa mtandaoni, jozi pamoja na gundi yake, kwa jina la modeli. Usinunue kwa kusema "inchi 8" tu. Inchi 8 za kampuni moja si inchi 8 za nyingine, na ukingo ukiwa mwembamba kwa milimita tatu utaivuta koni upande.

Kazi yenyewe ni ya subira. Kwangua sponji ya zamani na gundi yake kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, usiiloweshe karatasi. Kata kile kikofia cha katikati kwa wembe, halafu penyeza vipande vyembamba vya plastiki, mkanda wa filamu ya zamani ya kamera unafaa sana, kati ya koili na chuma cha katikati, pande nne, mpaka koili ikae katikati kabisa bila kucheza. Gundisha sponji kwenye koni kwanza, uache ikauke. Ndipo ugundishe upande wa fremu, na usitoe filamu mpaka gundi ishike kabisa. Gundi nyeupe ya mbao inafanya kazi nzuri kwa sababu inakupa muda wa kusogeza. Supaglu hapana, kabisa! Inaganda kabla hujaweka sawa, na inaikausha sponji ikawa ngumu ukingoni. Na fundi akikuletea kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli au ngozi ya begi akisema "hii haiozi milele", mkatalie. Haiozi kweli, ila inaigeuza wufa laini kuwa ngumu, na umerudi palepale kwenye besi isiyokuwepo.

Badilisha sponji za wufa zote mbili hata kama moja inaonekana nzima, maana zimezeeka pamoja. Ukizirudisha kwenye boksi hakikisha ule utepe laini wa kuziba unaozunguka fremu umekaa pande zote. Sukuma koni ndani kidogo, uiachie: ikirudi polepole, boksi limeziba. Ikirudi chap, kuna mahali hewa inavuja, na kwa spika ya namna hii hilo ni besi inayovuja.

Leo jioni ng'oa wufa moja tu. Pima upana wa koni pale sponji ilipoishia, na upana wa fremu kwa ndani na kwa nje. Andika namba zilizo nyuma ya sumaku, na uniambie mita imesoma omu ngapi. Weka hapa pamoja na picha, nitakuonyesha sponji ya kuagiza. Na huyo fundi akipiga simu kukuuliza utazileta lini, mwambie wufa zinabaki nyumbani.