Sikio haliamrishwi, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mchana, na usiku baba yako alipolala nikausoma tena. Unauliza una kasoro gani. Wenzako wote kazini wanampenda Taylor Swift, yule mwimbaji wa Marekani, dada yako ndiyo usiseme, wamekuchagulia nyimbo zake, umezisikiliza kwa nia njema, na hazikugusi hata kidogo. Sasa umeanza kujishuku. Mtu aliyefanya maonyesho 149 kati ya Machi 2023 na Desemba 2024, nchi kwa nchi, viwanja vikifurika, inakuwaje masikioni mwako asisikike? Ama wao wamekosea, umeandika, ama mimi ni mgonjwa.

Huumwi chochote. Wapo watu ambao muziki wa namna yoyote hauwagusi, na wataalamu wa ubongo wamewachunguza, lakini wewe si mmoja wao. Wewe ndiye uliyekuwa unalia kwenye gari kila kanda ya babu yako ilipofika pale kwenye filimbi. Sikio haliamrishwi. Nimelisema hilo humu ndani tangu hujazaliwa na leo nalisema tena.

Kilichoninyima usingizi ni kingine, kile ulichokipitia harakaharaka mwishoni: kwamba siku hizi wakianza kumzungumzia unanyanyuka na kutoka. Hapo ndipo ninapotaka tukae.

Habari yangu na Michael Jackson unaijua. Unajua kwamba kanda za baba yako zilikuwa na kabati lake, na kwamba zikiwekwa mimi nilikuwa napata kazi ya kufanya nje. Lakini sidhani nimewahi kukueleza ni nini hasa. Ni pumzi. Anaimba neno, anavuta hewa kwa nguvu unaisikia, anaachia kwikwi, halafu kile kilio chembamba cha juu, kisha neno lingine analikata kabla halijaisha. Mimi nimekulia kwenye sauti ya pili ya kwaya. Mwalimu wetu alitufundisha kuiba pumzi, mmoja akivuta jirani yake anashikilia sauti, msikilizaji asijue kwamba kuna binadamu wanaohema. Ndiyo maana kila Michael anapohema mimi nakunja uso. Baba yako anasema ile pumzi ndiyo ngoma yake ya pili, kwamba nikiisikiliza pamoja na besi nitaona inaangukia palepale inapotakiwa. Nimeisikiliza. Ni kweli inaangukia palepale. Wala sikumpenda zaidi.

Alifariki Los Angeles tarehe 25 Juni 2009, akiwa na miaka 50, akijiandaa kwa maonyesho mengine 50 aliyokuwa ameahidi London. Wewe ulikuwa mdogo, utakuwa unakumbuka vurugu tu. Upande wa baba yako wote walikuja kwetu jioni iliyofuata. Waliweka picha za mwaka 1983, ile siku aliporudi nyuma kwa kuteleza huku miguu ikionekana inakwenda mbele, wakairudisha, wakaitazama tena, wanalia na kucheka kwa pamoja. Mimi nilikuwa nimekaa nao. Sikutoka. Nilimwonea huruma yule mtu na nilimwonea huruma zaidi baba yako, ambaye alikuwa ameshika rimoti kwa mikono miwili na hasemi.

Ndipo shangazi yako mmoja, nawe unajua ni yupi, akataka kila mtu ataje wimbo wake. Wakazunguka. Zamu iliponifikia nikasema, "Mimi sina, lakini poleni sana." Basi. Sikuongeza neno.

Akanitazama. "Yaani hata leo?" Kisha akawageukia wengine, si mimi, akasema: "Wapo watu wanaotaka tujue kwamba masikio yao yamesoma kuliko yetu."

Mwanangu, watu wakacheka. Si wote, ila walicheka. Na mpaka leo nikiosha vyombo hilo neno hunirudia, nikamjibu, nikamjibu vizuri sana, na hayupo wa kunisikia. Kwa sababu sikusema Michael hafai. Sikusema wao hawajui muziki. Nilisema sina. Anayesema sina amejisema mwenyewe. Hajamnyang'anya mtu chake. Kwa nini basi ikapokelewa kama kofi?

Nimeliwaza hili kwa muda mrefu na sijawahi kutulia upande mmoja. Siku nyingine naona kosa lilikuwa lake mtupu: aliomba ushahidi wa mapenzi, na mtu mwenye uhakika na anachokipenda haombi ushahidi. Siku nyingine nasema hapana, msiba ni msiba, mtu aliyeimba ujana wako akifa unataka kila aliyemo chumbani awe upande wako, na mimi nilikuwa mlango uliobaki wazi baridi ikaingia. Lakini je, nilitakiwa nidanganye? Nitaje wimbo wowote ili jioni ipite? Dada yako anasema ndiyo, kwamba huo ndio utu. Mimi nasema baba yako angejua palepale, na lingemuuma kuliko ukweli.

Maana aliyenitoa pale ni yeye. Aliweka rimoti chini akasema, taratibu, bila kumtazama dada yake: "Lile jaketi jekundu la zipu mnaloniona nalo kwenye picha ya uchumba, alinishonea huyu." Na ni kweli. Nilinunua kitambaa, nikatafuta zipu moja moja kwa mafundi, kwa sababu fundi wa kwanza aliweka nne akasema zinatosha, na mtu aliyekuwa anamwota Michael usiku na mchana asingeridhika na nne. Nilishona zilizobaki kwa mkono wangu. Sikuupenda wimbo hata mmoja nilipokuwa nazishona. Nilimpenda atakayelivaa. Shangazi yako hakusema kitu tena, na nakiri kwamba ile kimya niliifurahia mno, na bado naifurahia.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na hadithi aliyoipenda sana, ya watunzi wawili wa muziki wa zamani, Tchaikovsky wa Urusi na Brahms wa Ujerumani. Mwaka 1886 Tchaikovsky aliandika kwenye shajara yake kwamba Brahms hana kipaji, akaongeza na matusi. Na wakati huo Brahms alikuwa anaheshimiwa sehemu nyingi za Ulaya. Wakakutana Leipzig siku ya Mwaka Mpya wa 1888, na Tchaikovsky akampenda mtu yule, ila muziki wake hapana. Mwaka uliofuata, huko Hamburg, Brahms aliahirisha safari ili asikilize mazoezi ya simfoni ya tano ya Tchaikovsky. Baadaye wakala pamoja, na Brahms akamwambia wazi kwamba sehemu ya mwisho hakuipenda. Ndicho kinachonifurahisha hapo: alibaki, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, wakaendelea kula.

Sasa wewe unatoka chumbani.

Najua utaniletea ule utafiti. Baba yako alinisomea pia. Mwaka 2006 watafiti watatu, Salganik, Dodds na Watts, walichapisha jaribio la watu zaidi ya 14,000 waliosikilizishwa nyimbo 48 za bendi wasizozijua. Waliwagawa kwenye makundi yasiyoonana, na baadhi waliona ni nyimbo zipi wenzao wamezipakua. Wimbo ulioshika kilele kundi moja uliweza kuzama kundi jingine, maana watu walifuata walikokwenda watu. Nilipousikia nilishangilia, nikadhani nimempata wakili. Lakini usiusome nusu. Walikuta pia kwamba nyimbo bora ni nadra kufanya vibaya kabisa, na mbovu ni nadra kushinda. Bahati na wingi vina nguvu, ila havitoshi kueleza kila kitu. Kwa hiyo usiutumie kumwambia dada yako kwamba ni kondoo. Si kondoo. Amesikia kitu ambacho wewe hukisikii.

Na ukitaka kujua kwa nini anakuchosha Taylor na si waimbaji wengine elfu usiowapenda, ni kwa kuwa hao wengine umeshawasahau. Humpendi mwimbaji asiyejulikana, unapita, yamekwisha. Huyu hakuachi upite. Yuko dukani, kwenye gari la mwenzako, kwenye simu ya jirani, na kila unapomsikia unaulizwa upya swali ulilokwisha kulijibu. Wanasaikolojia wanasema kukutana na kitu mara nyingi hutufanya tukipende. Mmoja wao, Zajonc, aliandika hivyo mwaka 1968. Kwangu mimi na zile kwikwi za Michael haikutokea, na nimeishi nazo tangu nilipoolewa. Labda kinachohitajika ni usichukie tangu mwanzo. Labda. Sikio haliamrishwi hata na miaka.

Kuhusu tiketi ya lile onyesho la kuigiza nyimbo zake ambalo dada yako anataka mwende pamoja: mwambie leo, usingoje juma lenyewe. Mwambie, "Simpendi, lakini nataka kujua wewe unampendea nini," halafu umwache aongee mpaka amalize. Akikuomba wimbo wako, sema huna. Akicheka, baki palepale kwenye kiti. Kisha amua kama utakwenda au hutakwenda, lakini asije akasikia kwa mtu mwingine.

Na mwisho wa ujumbe wako umeniuliza mimi namwonaje Taylor, baada ya kunitumia zile nyimbo. Mwanangu, usiniingize huko. Nimezisikiliza na vipokea sauti vya baba yako, nimefumba macho, mpaka mwisho. Anaandika, hilo silipingi, anajua kupanga kisa na ubeti wa tatu ukageuza wa kwanza. Kuhusu ile namna anavyorudia noti moja mstari mzima kama mtu anayesoma barua kwa sauti, ninayo maneno, tena mengi, na yako tayari mdomoni. Lakini dada yako anakuja Jumapili, na nataka nimsikie yeye kwanza.

Mama yako