Amplifaya inazima yenyewe: tazameni omu kabla ya kubadili fyuzi

SWALI: Amplifaya ya kanisa letu imeandikwa nyuma omu 4 hadi 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwa kila chaneli. Kila chaneli ina spika nne za omu 8, zote zimeungwa sambamba. Ibada ikifika katikati inazima. Ikipoa inawaka tena. Juzi fyuzi ilikatika, na fundi anashauri tuweke kubwa zaidi. Je, ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, na msimruhusu. Spika hizo nne kwa pamoja zinaikabili amplifaya kwa omu 2 tu, nusu ya kiwango cha chini kilichoandikwa, na huko kuzima ni kinga ya joto inayofanya kazi yake.

Kinachoniudhi ni imani, ambayo mafundi wa vichochoroni wanairithishana, kwamba wati ndizo za kutazamwa na omu ni mapambo ya kibandiko. Amplifaya hutoa volti. Spika ndiyo inayoamua kiasi cha mkondo utakaovutwa. Volti 20 kwenye omu 8 huvuta ampea 2.5, lakini volti hizo hizo kwenye omu 2 huvuta ampea 10, ambazo lazima zipite kwenye transista zile zile. Hali ni mbaya zaidi kwa wanaounganisha chaneli mbili kwa mtindo wa brigi (chaneli zote mbili zikiendesha spika moja), kwani hapo kila chaneli hubeba nusu ya omu za spika, na spika ya omu 4 huwa omu 2. Wala omu za spika na za amplifaya hazihitaji kulingana, kama wengine wanavyodai: kwa amplifaya ya transista kama yenu, omu 4 ni mpaka wa chini, na spika ya omu 16 itapunguza nguvu tu bila kuharibu kitu.

Ungeni spika mbili mbili kwa mfululizo (mkondo upite moja kisha nyingine), kisha jozi hizo mbili sambamba, nanyi mtarudi kwenye omu 8, mradi spika zote ni za aina moja. Sauti itapungua; ikiwa haitoshi, nunueni amplifaya ya pili.

Kuhusu fyuzi, nimefungua amplifaya nyingi na kukuta kipande cha waya wa shaba kimesokotwa mahali pake. Transista ikiungua mara nyingi hushotika, na kama hakuna kinga nyingine, umeme wa DC (usiobadili mwelekeo) huingia moja kwa moja kwenye koili ya spika. Hapo fyuzi sahihi ingekatika mapema. Waya wa shaba hauungui mpaka koili iwe imeanza kutoa moshi.