Pima kwanza, injekta baadaye

Ndugu, umesema gari lako la petroli linatetemeka kwenye sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa), skana imetoa kodi (namba ya hitilafu) P0171, na fundi anataka ununue injekta nne (vifaa vinavyonyunyizia injini petroli) pale Kirinyaga Road, Nairobi. Usitoe pesa bado. P0171 inasema tu kwamba petroli ni kidogo mno kwa hewa inayoingia. Injekta nne kufa kwa mpigo ni nadra sana. Ikiziba moja, kwa kawaida utaona kodi ya silinda yake, P0301 hadi P0304.

Injekta haiamui kitu. Kompyuta huifungua kwa milisekunde 2 hadi 4 hivi kwenye sailensi, ikikokotoa kutokana na hewa inayoingia, mwendo wa krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na joto la maji. Sensa ya oksijeni hukagua moshi, kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili uzito wa hewa ubaki karibu mara 14.7 ya petroli. Kiasi inachoongeza skana hukionyesha kwa asilimia, na hapo ndipo pa kuanzia.

Injini ikishapata moto, soma asilimia hiyo kwenye sailensi, kisha kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Gari lenye MAF (sensa inayopima hewa inayoingia) likionyesha +20 kwenye sailensi halafu lirudi karibu na sifuri, kuna hewa inayopenya bila kupimwa: kagua mipira ya vakyumu (inayovutwa hewa na injini) na gasketi ya manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye silinda). Tundu hilo huleta shida zaidi injini inapovuta hewa kidogo. Asilimia ikipanda gari likibeba mzigo, mathalani ukipanda kuelekea Limuru, shuku MAF chafu, filta ya petroli au pampu yake. Unganisha geji ya presha kwenye reli (bomba linalogawia injekta petroli). Magari mengi ya injekta za kawaida hutaka takriban bar 3.

Kama lina MAP (sensa inayopima presha ya hewa kwenye manifoldi), weka swichi ON bila kuwasha injini. Kwa mwinuko wa Nairobi inapaswa kuonyesha kama kPa (kipimo cha presha) 82 au 83. Mombasa ndiko utakuta 101. Ikisoma 70, kompyuta inadhani hewa ni kidogo na inanyima injini petroli.

Injekta ziwe za mwisho. Nyingi husoma omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 12 hadi 16, ila omu nzuri haithibitishi usafi, kwa hiyo zipelekwe kwenye mashine inayolinganisha kiasi zinachomwaga. Kabla ya kufungua reli, toa fyuzi ya pampu injini ikiwa inaunguruma na uiache izime yenyewe, na unaporudisha injekta weka oringi (pete za mpira) mpya.